Wakuu na Wapagazi: Ni Nani Aifanyaye Historia?



Katika mazungumzo haya twataka kulitazama swali moja la zamani, ambalo lilitujia upya darasani kwa kinywa cha mwanafunzi. Tulikuwa tukifundisha habari za Daktari David Livingstone. Tulikuwa tumeandika ubaoni mwaka aliozaliwa, 1813, na mwaka aliokufa, 1873, na majina ya mito na maziwa aliyoyafikia. Mwanafunzi mmoja, kijana mpole asiyependa kusema sana, akanyosha mkono akauliza, “Mwalimu, mizigo yake ilichukuliwa na nani?” Tukamjibu kwamba ilichukuliwa na wapagazi. Akauliza tena, “Na majina ya wapagazi hao hayamo katika historia?” Wenziwe wakacheka. Sisi hatukucheka, maana tuliona kwamba jibu hatunalo tayari. Tukamwambia angoje mpaka juma lijalo.

Basi haya ndiyo jibu letu, na kulitengeneza kulituchukua muda zaidi ya juma moja.

Kwanza na tulifahamu swali lenyewe. Ukifungua kitabu cho chote cha historia utaona majina ya wafalme, majemadari, wasafiri na watu wa dini. Fulani alijenga mji. Fulani alishinda vita. Fulani aliuona mto. Ukisoma upesi waweza kudhani kwamba huyo fulani alichukua mwiko akajenga ukuta peke yake, na wengine wote wamekaa kivulini wakimtazama. Wako wenye elimu waliosema kwamba hivyo ndivyo ilivyo. Mwaka 1840 Thomas Carlyle, mwandishi wa Scotland, alitoa hotuba katika mji wa London akafundisha kwamba historia ya ulimwengu, ukiitafuta asili yake, ni habari za watu wakuu waliofanya kazi humo. Wengine hufuata tu. Baadaye Leo Tolstoy, mwandishi wa Urusi, alipomaliza mwaka 1869 hadithi yake kubwa juu ya vita vya Napoleon, alishika neno lililo kinyume. Yeye alisema kwamba mambo makubwa hutokana na nia na matendo ya watu wasiohesabika, na jemadari adhaniye kwamba anawaongoza huwa anachukuliwa pamoja nao.

Sisi watu wa pwani na wa maziwa twaweza kulitia swali hili katika maneno yetu. Jahazi likifika salama, sifa ni ya nahodha, au ni ya mabaharia waliotweka tanga na kufua maji usiku kucha? Mmoja atasema, pasipo nahodha jahazi lingepanda mwamba. Mwingine atasema, pasipo mabaharia nahodha angekaa ufukoni na elimu yake. Kila mmoja ana sehemu ya kweli, na kwa hiyo haifai kubishana kwa maneno matupu. Yafaa tuchukue jambo moja lililotukia katika nchi zetu, tulipime hatua kwa hatua. Nasi twalichagua lile lile la mwanafunzi wetu.

Mwaka 1866 Daktari Livingstone alitua Mikindani, akaingia bara kwa safari yake ya mwisho. Miongoni mwa watu wake walikuwamo Chuma, Myao aliyekombolewa utumwani mwaka 1861 alipokuwa mtoto, na Susi, mtu wa Shupanga katika bonde la mto Zambezi. Hawa wawili walikaa naye tangu mwanzo wa safari ile hata mwisho, katika njaa na homa na mvua, wakati wengine wengi walipokimbia. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alimkuta Ujiji. Na mwaka 1872, Stanley alipokwisha kurudi pwani, alimpelekea watu wengine zaidi ya hamsini. Katika hao alikuwamo Jacob Wainwright, ambaye naye alikuwa Myao aliyetolewa utumwani, akafundishwa kusoma na kuandika katika shule ya misioni ya Nasik, Bara Hindi.

Wakaondoka Unyanyembe mwezi wa Agosti 1872, wakazunguka ziwa la Tanganyika kwa upande wa kusini, wakafika katika mabwawa ya ziwa la Bangweulu, nchi ambayo sasa imo katika Zambia. Mvua ilikuwa nyingi mno, na Daktari alikuwa akitokwa na damu, hata mwisho hakuweza kukaa juu ya punda, ikawapasa kumchukua kwa machela. Mwanzo wa mwezi wa Mei 1873, katika kijiji cha Chitambo, kijana Majwara aliyekuwa akimlinda usiku alimwita Susi. Walipoingia kibandani pamoja na wenzao wachache walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda chake, amekwisha kufa.

Hapa, wasikilizaji wetu, ndipo penye kiini cha mazungumzo yetu. Mtu mkuu amekufa. Hakuna balozi, hakuna askari, hakuna barua ya amri. Ujira wao uko mbali, Unguja, safari ya miezi mingi. Kila desturi ya njiani iliwaruhusu kumzika pale pale, kugawana nguo na shanga, na kila mtu kushika njia yake. Nani angewauliza?

Wao hawakufanya hivyo. Susi na Chuma waliwakusanya watu wote wakafanya shauri. Kisha wakafungua masanduku mbele ya wote, na Jacob akaandika katika daftari kila kitu kilichokuwamo, ili pasiwe na mtu wa kusema baadaye kwamba kimoja kimeibwa. Tena wakapatana kuuchukua mwili mpaka pwani, pamoja na vitabu na vyombo vyake vyote.

Kwanza walimficha Chitambo habari ya kifo, maana waliogopa kutozwa fidia kubwa. Chitambo alipojua hakukasirika. Yeye naye alikwisha kusafiri mpaka pwani, akajua shida za msafiri. Aliwashauri wamzike mgeni wao pale, kwa kuwa safari ile haikuwezekana. Lakini walipokataa aliwasaidia, akaja na watu wake kumwombolezea marehemu kwa desturi ya nchi yao.

Basi wakajenga ua wa miti mbali kidogo na kijiji. Farijala, aliyepata kumtumikia daktari mmoja huko Unguja na kuona kazi yake, ndiye aliyeupasua mwili na kutoa moyo na matumbo. Vitu hivyo vikatiwa katika sanduku la bati na kuzikwa chini ya mti mkubwa, na Jacob akasoma sala za maziko. Mwili wakautia chumvi, wakauanika juani muda wa siku kumi na nne, wakiugeuza kila siku. Ulipokauka wakauzinga kwa nguo, wakautia ndani ya gome la mti, wakashona turubai juu yake, wakaufunga kwa mti mrefu ili watu wawili waweze kuuchukua mabegani. Jacob akachora maandiko juu ya ule mti ulio juu ya kaburi la moyo. Ndipo msafara ukaondoka.

Hawakwenda mbali, maradhi yakawashika wengi wao kwa mara moja, wakakaa karibu ya mwezi mmoja hawawezi kuendelea. Wako waliokufa. Katika kijiji kimoja palitokea ugomvi, wakapigana. Mwezi wa Oktoba walifika Unyanyembe, na huko wakakutana na Luteni Cameron, Mwingereza aliyetumwa kumtafuta Daktari. Cameron aliwaambia ni afadhali kuuzika mwili pale pale, kwa sababu mbele njia ni ya hatari. Alikuwa mzungu, tena mkubwa wa kijeshi, na wao ni wapagazi. Walakini walikataa. Walimsikiliza kwa adabu, wakashika shauri lao.

Na hatari aliyoitaja ilikuwa ya kweli. Mbele ya Unyanyembe watu wa vijiji hawakukubali maiti ipitishwe katika nchi yao, maana waliona ni nuksi. Basi wale wapagazi wakatumia akili. Walikusanya mabua ya mtama, wakayafunga nguo kwa mfano wa mtu aliyekufa, wakawapa watu wachache mzigo ule warudi nao kana kwamba wamekubali kwenda kumzika nyuma. Wale walipofika porini wakayatawanya mabua, wakarudi kwa siri. Nao mwili wenyewe ulikuwa umekwisha kufungwa upya kwa umbo la mtumba wa nguo, ukapita kati ya watu kama bidhaa nyingine yo yote.

Mwezi wa Februari 1874 waliingia Bagamoyo, wamekwenda zaidi ya maili elfu moja. Hapo serikali ya Kiingereza ikaupokea mzigo, wapagazi wakalipwa mshahara wao, wakaambiwa waende zao. Katika kundi lote ni Jacob Wainwright peke yake aliyesafiri pamoja na mwili mpaka Uingereza, naye misioni ndiyo iliyomlipia nauli. Huko London tabibu aliutambua mwili kwa mfupa wa mkono wa kushoto, uliovunjwa na simba miaka mingi kabla yake, akathibitisha kwamba watu wale hawakumdanganya mtu. Tarehe 18 Aprili 1874 Daktari Livingstone alizikwa katika kanisa la Westminster Abbey, mahali pa kuzikwa wafalme, na Jacob alikuwa mmoja wa waliolisindikiza jeneza. Susi na Chuma waliitwa baadaye, wakafika maziko yamekwisha.

Sasa na tupime. Tutaanza kwa kumpa haki yake mtu mkuu, maana si adili kuwainua wadogo kwa kumwangusha mkubwa. Tarehe 15 Julai 1871 Livingstone alikuwako Nyangwe, kando ya mto Lualaba, wakati watu wa wafanya biashara ya utumwa walipowapiga bunduki watu waliokuja sokoni, wengi wao wanawake wenye vikapu vya chakula. Wengi waliuawa, na wengi walizama mtoni. Aliandika aliyoyaona, na Stanley alichukua barua zake mwaka 1872. Habari hizo zilipochapwa Ulaya ziliwachoma watu, na serikali ya Uingereza ikamtuma Sir Bartle Frere kwa Seyyid Barghash wa Unguja. Tarehe 5 Juni 1873, kiasi cha juma tano baada ya kifo kile cha Chitambo ambacho pwani hawakukijua bado, Seyyid Barghash alitia sahihi mkataba wa kukataza watumwa kusafirishwa baharini na wa kufunga masoko yao. Utumwa haukwisha siku ile. Unguja uliendelea kuwa halali hata mwaka 1897. Lakini mlango mmoja ulifungwa. Je, barua ya mpagazi ye yote ingalisomwa hivyo katika London? Isingalisomwa. Jina kubwa la Livingstone lilikuwa kama pembe iliyoikuza sauti. Hiyo ndiyo sehemu ya mtu mkuu, nasi hatuwezi kuikana.

Lakini na tuendelee kupima. Barua zile zilikwenda pwani juu ya vichwa vya nani? Njia alizozipita Daktari zilikanyagwa kwanza na nani? Kabla ya mzungu wa kwanza kufika Ujiji, Wanyamwezi walikuwa wakishuka na pembe mpaka pwani, na misafara ya Waswahili na Waarabu ilikuwa ikipanda kutoka Bagamoyo. Visima, vivuko, vituo vya kununua chakula, kadiri ya hongo kwa kila mtemi, vyote vilijulikana kwa wanyapara na viongozi wa misafara. Mgeni alipata ramani kwa kuongozwa na watu waliokuwa na ramani hiyo vichwani mwao.

Tena, mauti yalipomshika, kulibaki nini cha Livingstone? Madaftari tu ya safari yake ya mwisho, yaliyofungwa katika sanduku, katikati ya mabwawa ya Bangweulu. Kama watu wale wangaliyatupa, ulimwengu usingalijua alivyoishi mwaka wake wa mwisho. Waliyachukua yote. Kisha mwaka huo huo wa 1874 Susi na Chuma walikaa Uingereza na Horace Waller, aliyekuwa akiyatengeneza madaftari hayo yawe kitabu, wakamweleza majina ya mahali na yale yaliyotukia baada ya maandiko kukoma. Kwa hiyo sura ya mwisho ya maisha ya mtu yule mashuhuri ilisimuliwa na watumishi wake. Tungewaondoa wao, habari yake ingekatika kama kamba mbovu.

Hapa mtu aweza kusema, “Basi mmekwisha kulijibu swali. Historia hufanywa na watu wadogo.” La, ngoja kwanza. Sisi wenyewe tulipofika hapa tulifurahi, kisha tukaona kosa letu. Tumewataja Susi na Chuma mara nyingi. Lakini msafara ulikuwa wa watu kiasi cha sitini. Royal Geographical Society, chama cha elimu ya jiografia cha London, kilipotengeneza medali za fedha kwa ajili ya wachukuzi wale, zilikuwa sitini. Wengine wako wapi? Yuko Halima, mpishi wa Daktari, ambaye bila shaka alikula jua na mvua kama wanaume. Yuko Farijala mwenye kisu. Yuko Majwara. Yuko Chitambo, ambaye kama angalikuwa mtu wa tamaa asingaliuachilia mwili kutoka. Twaona basi kwamba tulimwondoa mtu mkuu mmoja kitini, tukawakalisha wakuu wawili wadogo, na watu wengine wakabaki nje ya mlango kama kwanza.

Kwa nini iwe hivyo? Sababu iliyo kubwa, kwa maoni yetu, ni kalamu. Hao wawili walikutana na waandishi. Jacob alikuwa na kalamu yake mwenyewe, na daftari lake limehifadhiwa huko Scotland mpaka leo. Umaarufu na utendaji si kitu kimoja. Mtu hutenda, lakini hawi maarufu mpaka jina lake litiwe katika wino, au katika wimbo, au katika kumbukumbu za ukoo. Kwa hiyo mwanafunzi asomapo kitabu asidhani anaona wote waliotenda. Anawaona walioandikwa.

Na tuchukue jambo la pili, lenye uchungu zaidi. Kuanzia mwaka 1914 hata 1918 Waingereza na Wajerumani walipigana katika Afrika Mashariki. Vitabu vingi vya vita vile ni habari za Jenerali von Lettow-Vorbeck, jinsi alivyowakwepa adui zake miaka minne, hata alipoweka silaha chini huko Abercorn tarehe 25 Novemba 1918. Au ni habari za Jenerali Smuts aliyemfukuza. Sifa zao ni za werevu wa vita. Lakini tazama jinsi vita vile vilivyokwenda. Reli zilikuwa chache, njia za motokaa zilikuwa matope, na mbung'o waliwaua farasi na nyumbu. Basi risasi, dawa na unga vilikwenda juu ya vichwa vya watu.

Twaomba wanafunzi wachukue vibao vyao tufanye hesabu. Tuseme mpagazi mmoja achukua ratli 60 za unga, na posho yake ni ratli 2 kila siku. Akitumwa kituo kilicho mbali kwa siku 10, atakula ratli 20 kwenda na ratli 20 kurudi, kwa hiyo atamfikishia askari ratli 20 tu. Na kituo kikiwa mbali kwa siku 15, atakula ratli 30 kwenda na 30 kurudi, askari hatapata hata konzi. Ili jeshi lisogee mbele kidogo, wapagazi hawana budi kuongezeka sana. Hiyo ndiyo sheria iliyokuwa juu ya majenerali wote. Jemadari aliweza kuamuru, lakini hakuweza kuamuru tumbo la mpagazi lisile.

Kwa sababu hiyo upande wa Waingereza peke yake ulitwaa watu karibu milioni moja kuwa wapagazi. Waliokufa, kwa hesabu zilizoandikwa, walipita 95,000, na hesabu hizo hazikutimia. Wengi hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na kuhara, na homa ya mapafu, na malaria, na chakula wasichokizoea, na baridi ya usiku bila blanketi. Wajerumani nao walikuwa na wapagazi wao, wanaume kwa wanawake, walioteseka vivyo hivyo. Wapiganapo tembo, nyasi huumia.

Je, watu hawa waliifanya historia? Ndiyo, maana pasipo wao vita vile visingalikwenda hata juma moja. Lakini twajihadhari tusiseme neno tamu kupita kiasi. Susi na wenzake walichagua. Walikaa, wakafanya shauri, wakakataa neno la Cameron. Mpagazi wa vita aghalabu hakuchagua. Alikamatwa kijijini kwake, akafungiwa kibati chenye namba, akatwishwa mzigo wa vita visivyo vyake. Kumwambia mtu kama huyo kwamba aliifanya historia, kisha kunyamaza, ni kama kumsifu punda kwa kupenda safari. Kweli iliyo kamili ni kwamba aliichukua historia ya watu wengine, ikamwua.

Na baada ya vita, walikumbukwaje? Katika Dar es Salaam iko sanamu ya askari iliyosimamishwa mwaka 1927, na maandiko yake yanawataja wapagazi pia, kwa jumla, bila jina la mtu. Wanajeshi wa Ulaya waliandikwa mmoja mmoja juu ya mawe. Mwezi wa Aprili 2021 tume ya Jumuiya ya Madola itunzayo makaburi ya vita ilikiri kwamba katika vita vile si chini ya watu 116,000, hasa wa Afrika Mashariki na wa Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa, ikaomba radhi. Radhi iliyokuja baada ya miaka mia moja ni bora kuliko kutokuja, lakini majina ambayo hayakuandikwa hayapatikani tena kwa radhi.

Liko jambo moja hata hivyo. Nenda Dar es Salaam uulize mtu ye yote njia ya kwenda sokoni kukubwa. Atakuambia: Kariakoo. Jina hilo ni jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi, lililogeuzwa na vinywa vya watu, kwa kuwa hapo ndipo palipokuwa kambi yao. Na Nairobi vile vile iko mitaa yenye jina hilo hilo. Watu wanaonunua nazi na vitenge pale kila siku hulitaja jina la wapagazi wala hawajui. Jiwe liliwasahau majina yao. Soko likawashikia jina la kundi lao.

Basi tukusanye maneno yetu tulijibu swali. Sisi twaona kwamba mtu mkuu na watu wa kawaida hawafanyi kazi moja katika historia. Mtu mkuu, akiwa mkuu kweli, huona jambo ambalo wengine hawajaliona, au hulisema kwa sauti itakayosikiwa mbali, au huchagua wakati. Watu wa kawaida ndio huamua kama jambo lile litawezekana na kama litadumu. Wao ni miguu, ni posho, ni njia, ni kumbukumbu. Tena iko siku ambayo mkuu hayupo, na hapo watu wa kawaida huamua wenyewe, kama kule Chitambo, na ulimwengu hugundua kwamba ukuu ulikuwamo ndani yao siku zote. Kidole kimoja hakivunji chawa, hata kikiwa kimevaa pete.

Kwa hiyo, ninyi wanafunzi, msomapo habari yo yote ya kale ulizeni maswali matatu. Kwanza: Ni nani aliyeamua? Pili: Ni nani aliyechukua mzigo, na je, alichukua kwa hiari yake? Tatu: Ni nani aliyeandika, na aliwaacha nani? Ukiyauliza hayo hutawadharau wakuu, lakini hutadanganyika kwamba walikuwa peke yao.

Na ninyi wazee na wazazi, tuna ombi kwenu. Katika kila ukoo yuko aliyekwenda safari asirudi, aliyejenga reli, aliyechimba kisima kinachonyweka mpaka leo, aliyezalisha watoto wa kijiji kizima. Watajieni wajukuu majina yao, nao wayaandike, pamoja na mahali na mwaka kama unajulikana. Daftari la shule latosha. Jacob Wainwright alikuwa na daftari tu.

Yule mwanafunzi wetu tulimpa jibu hili. Alisikiliza mpaka mwisho, asiseme neno. Siku chache baadaye alituletea karatasi. Alikuwa amemwuliza bibi yake habari za babu wa babu yake, aliyechukuliwa kwenda Kariakoo wakati wa vita vile. Bibi hakujua alikufia wapi, wala mwaka gani. Alijua kwamba aliondoka asubuhi wakati wa kupalilia, na kwamba jembe lake liliachwa limesimikwa shambani, na mke wake akakataa mtu asiliondoe mpaka mpini ulipooza. Juu ya karatasi ile kijana alikuwa ameandika jina la mzee yule kwa herufi kubwa, akalipigia mstari.

Tulimwomba alisome jina hilo mbele ya darasa. Alilisoma. Safari hii hakuna aliyecheka.

Kwaherini.